Hesabu saa, kilomita ziache

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mkazi wa mjini anayetaka kutembea msituni au mlimani siku moja na kurudi kulala kwake, anapataje pa kwenda? Mimi nakaa Dar es Salaam, upande wa Ubungo, kwa hiyo jibu langu linaanzia kwenye foleni. Anayechora duara la kilomita mia kuzunguka nyumba yake huyo hajakaa Kimara Jumamosi saa tatu asubuhi. Mchana wetu una saa kumi na mbili tu. Toa za kwenda, toa za kurudi, zinazobaki ndizo zikuchagulie mahali. Matembezi yasiyoniachia hata saa nne za miguu, kwangu hayo ni kuendesha gari.

Kwa hesabu hiyo Pugu inashinda. Watu wengi wa Dar wanaijua kwa mnada wa ng'ombe, wananunua kitoweo na kugeuza. Kumbe ukiendelea kidogo kuelekea Kisarawe unakuta msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni mabaki ya msitu wa pwani wa kale, na vilima vyake vinatosha kumtoa jasho mtu wa ofisini. Kuna mahandaki yaliyochimbwa zamani kutafuta kaolini, udongo ule mweupe wa vyombo vya kauri, na siku hizi wenye nyumba humo ni popo. Jua likizama wanatoka kwa makundi. Kwa kuwa ni karibu, unaweza kuwasubiri hadi magharibi na bado ukala chakula cha usiku kwako.

Bagamoyo nayo inawezekana, ila acha gari mjini uende magofu ya Kaole kwa miguu, kama kilomita tano, kisha urudi. Huko kuna msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mikoko jirani. Anza mapema, saa sita ya pwani haina huruma.

Mengine yatafuteni wenyewe. Mimi hufungua ramani ya simu kwa picha za setilaiti na kutazama vipande vya kijani kilichokolea: mara nyingi ni msitu wa hifadhi, na penye hifadhi pana ofisi na mtu wa kukuelekeza. Ulizia ada kabla ya kuondoka, maana siku hizi hupokewi noti mlangoni. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu, na mtandao ukigoma ndiyo hivyo tena. Pasipo ofisi, nenda kwa mtendaji wa kijiji, atakutafutia kijana wa kukuongoza. Vikundi vya WhatsApp vya wapanda milima ni vizuri kwa anayeanza, ingawa vingine hupanda na spika kubwa, na ndege wote wanahama. Na mwenyeji akikwambia "hapo tu mbele", ongeza lita ya maji.

Sasa milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, ambayo zamani nisingethubutu kuitaja kwenye jibu la siku moja. Hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, lakini malori ya Chalinze na vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila kijiji, na trafiki anakusubiri chini ya mwembe, vinakula saa nne kwenda tu. Tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, na inafika chini ya saa mbili. Yaani mlima umesogea karibu kuliko baadhi ya fukwe zetu.

Stesheni iko nje kidogo ya mji, basi chukua bajaji hadi upande wa mlimani, halafu panda kuelekea Morningside, penye nyumba ya enzi za Wajerumani. Njia inakatiza mashamba ya Waluguru: migomba, mahindi, juu zaidi mboga na stroberi, vyote kwenye mteremko ambao wewe unaupanda umeshika magoti. Utapishana na kina mama wanaoteremka sokoni na mizigo kichwani, kandambili miguuni, wala hawahemi. Salamu kwanza, picha ni baadaye, tena kwa ruhusa. Vijito mnavyovuka si vya kufulia soksi. Maji ya milima hii ndiyo yanayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo zetu Dar.

Ukitaka kuingia msituni kwenyewe, ulizia kibali TFS Morogoro siku ya kazi, usingoje Jumamosi. Kilele cha Lupanga, mita 2,138, mwachie anayelala Morogoro. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia inateleza vibaya. Mimi naenda Juni hadi Septemba, na ikifika saa nane mchana nageuza, popote nilipofika.

Tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda, na kitambulisho kisisahaulike. Jumapili jioni wanaorudi Dar ni wengi kuliko viti.

Msomaji wenu,
Ubungo, Dar es Salaam