Zimwi lishonwe kwanza, kompyuta baadaye

Filamu yetu fupi, tuliyoipigia ufukweni Kibirizi, Kigoma, ilihitaji zimwi linalotoka ziwani. Mhariri wetu akanituliza: "Kaka, usihangaike na cherehani. Zimwi lote nalimaliza kwenye kompyuta." Nikamwamini. Wiki tatu baadaye tukapata zimwi linaloelea juu ya mchanga kama puto. Mtoto aliyepaswa kulikimbia alikuwa anakimbia hewa, na macho yake yalisema wazi.

Tukaanza upya. Fundi magodoro alinipa mabaki ya sponji, wavuvi wakanipa nyavu chakavu, na manyoya nikatengeneza kwa nyuzi zinazobaki mawese yakishakamuliwa. (Zifue kwa sabuni mara mbili na uzianike. Zikiwa na mafuta, gundi haishiki ng'o.) Kitu chochote kitakachokanyaga, kitakachoshikwa au kulowa, kishone. Kompyuta iachie kile ambacho mkono hauwezi.

Kwetu kilichoshinda mkono ni uso. Barakoa ya sponji haifumbi macho wala haitamki neno. Filamu ya Where the Wild Things Are ya mwaka 2009 ilipita njia hiyohiyo: watu walivaa mavazi makubwa ya manyoya, kisha nyuso zikachezeshwa kwa kompyuta. Nasi tukamwacha mwigizaji uso wazi, tukamchora vitone vyeusi kwenye paji, mashavu na kidevu ili programu ya Blender ipate cha kufuata.

Kilichonitesa ni shingoni. Pale vazi linapokutana na uso wa kompyuta, mstari ulikuwa unacheza kila anapopumua. Sekunde 8 tu, kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kila sekunde, ni fremu 200 za kusahihisha. Dawa yake haikuwa kwenye kompyuta. Nilishona kola nene ya nyavu, ikaning'inia juu ya kiungo, mstari ukapotea.

Kama unataka kufuta mkono au mguu, usikimbilie kitambaa cha kijani. Kompyuta hufuta rangi uliyoichagua popote inapoiona, kwa hiyo rangi hiyo isiwepo nyuma yako. Kigoma nyuma yako kuna michikichi na migomba. Ukigeuka, ziwa na anga ni bluu. Waliotengeneza filamu ya Predator (1987) walimvisha mtu vazi jekundu kwa sababu hiyohiyo, maana msitu ulikuwa wa kijani. Nyekundu ilitufaa mchangani, lakini kwenye barabara ya vumbi jekundu ingetuumbua.

Kila ukimaliza kupiga, kamera ibaki palepale, mwigizaji atoke, upige tena mahali patupu, upate picha ya kujazia palipofutwa. Usingoje hata dakika kumi: jua likielekea milima ya Kongo, rangi ya maji hubadilika ukitazama. Hapohapo inua upawa unaong'aa, mgongo wake uelekee kamera, uupige picha. Utakuonyesha mwanga unatoka wapi utakapokuwa unapaka uso wako wa kompyuta.

Halafu kuna maji. Sponji hunywa. Mwigizaji wetu aliingia hadi magotini, akatoka amebeba nusu ya ziwa, miguu ikimtetemeka. Toboa matundu chini ya vazi, na wawepo watu wawili wa kumshika. Hata yule dinosaria mkubwa wa mashine wa filamu ya Jurassic Park (1993) alinyeshewa, ngozi yake ikanywa maji, akaanza kutikisika hadi wakawa wanamkausha kwa taulo. Sisi tulikuwa na kanga mbili za mama mwenye nyumba, na hadi leo anazidai.