Nilitapeliwa Leeds, nikakosa neno la kusema

Januari 2025 nilimtumia pauni 650 mtu aliyedai ana chumba cha kupangisha hapa Leeds, Uingereza. Picha zilikuwa za chumba cha kweli, kina dirisha linalotazama bustani, ila hakikuwa chake. Nilipofika na begi langu, mama mmoja mtu mzima alinifungulia mlango akabaki ananitazama kwa huruma. Nilikuwa wa tatu kugonga pale wiki ile.

Nikapiga simu benki. Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi, na shahada nimeisoma kwa Kiingereza. Lakini kwa uchungu niliokuwa nao, kilichonitoka ni hiki: "The landlord refused to give me the room." Mwenye nyumba amekataa kunipa chumba. Kwetu Morogoro kila mtu angeelewa, maana tungesema jamaa kala hela na chumba hatoi. Mhudumu akanijibu kwa upole kwamba hayo ni makubaliano yangu na mwenye nyumba, tuyamalize wenyewe.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, dada wa Mombasa aliyekaa huku miaka mingi. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyo si mwenye nyumba. Ukishamwita hivyo, ushampa haki. Piga tena, useme 'I've been scammed'." Nikapiga. Safari hii nikahamishiwa kitengo kingine kabla sijamaliza hata kueleza.

Ndugu yangu unayeishi Uingereza au unayejiandaa kuja, hili nataka ulishike vizuri. Benki za hapa zina masanduku matatu, na neno lako la kwanza ndilo linaloamua utaingizwa lipi. "Fraud", kwa namna wahudumu wengi wanavyolitumia, ni pale mtu mwingine anapochota hela yako bila wewe kujua, mfano kwa kuiba namba za kadi. "Scam" ni pale ulipobonyeza mwenyewe, lakini kwa kudanganywa. "Dispute" ni pale muuzaji yupo kweli, biashara yake ipo, ila mmekosana juu ya mzigo au huduma. Mimi nilikuwa wa sanduku la pili, nikajitumbukiza la tatu kwa mdomo wangu.

Na tofauti hiyo ni ya pesa. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu aliyetapeliwa akatuma hela mwenyewe kutoka akaunti moja ya Uingereza kwenda nyingine ya humuhumu anatakiwa kurudishiwa, hadi pauni 85,000, mradi adai ndani ya miezi 13 na asiwe amezembea kupita kiasi. Benki inaruhusiwa kukata hadi pauni 100. Mimi nilirudishiwa 550. Ukiishia sanduku la tatu, kinga hiyo huna.

Baada ya hapo nikaanza kuyakusanya maneno haya kama mtu anayekusanya dawa. Lililonigusa zaidi ni "con". Ni kifupi cha "confidence", yaani imani. Mwaka 1849 huko New York alikamatwa mtu aliyejulikana kama William Thompson. Alikuwa akimsimamisha mtu aliyevaa nadhifu barabarani, anapiga naye soga kama wanajuana, kisha anamuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake hadi kesho. Wengine waliiacha. Magazeti yakamwita "the confidence man", mtu wa imani, na jina likabaki hadi leo.

Nililifikiria sana neno hilo, kwa sababu ya namna sisi tunavyosema. Kaingizwa mjini. Kaingia mkenge. Kauziwa mbuzi kwenye gunia. Kalizwa, kaliwa, kapigwa changa la macho. Ni maneno matamu, ila sikiliza yanamtazama nani: aliyeibiwa. Kuingizwa mjini maana yake ulikuwa mshamba. Ndiyo maana tunaficha. Mimi mwenyewe nilikaa siku mbili sijamwambia hata mama, nikiogopa kuonekana sikukua. Kumbe ukisema "I was conned" unasema imani yako ilitumiwa vibaya, na aibu inarudi kwa tapeli mwenyewe. Sisemi Kiingereza hakina maneno ya kumcheka mtu, yapo mengi. Ila hili moja lilinipa nguvu ya kusimama mbele ya mhudumu na kueleza.

Mengine mengi yanakuonyesha mtego ulivyotegwa. "Bait and switch" ni chambo na kubadilishiwa: unaonyeshwa chumba kizuri cha bei poa, ukifika kile kimeshachukuliwa, kipo hiki cha nyuma cha bei ya juu. "Phishing" inatamkwa sawasawa na kuvua samaki, na ndicho kinachofanyika: ujumbe unarushwa kwa maelfu, atakayeuma ndiye. Ni ndugu wa ile "hela tuma kwenye namba hii" ya kwetu. Na mbuzi kwenye gunia wao wanaye pia, ila kwao ni nguruwe: "a pig in a poke", ambapo "poke" ni neno la zamani la mfuko.

Yapo mawili ya kuangalia sana. "Rip-off" mara nyingi ni kupigwa bei tu. Ukiwaambia polisi chumba kilikuwa "a rip-off", wanaweza kuelewa unalalamikia kodi kubwa. La pili ni "hustle". Kwetu, Kenya na Tanzania, hasla ni mtu anayehangaikia riziki, na tunalisema kwa fahari. Vijana wa hapa nao wanalitumia hivyo. Lakini mzee wa Kiingereza akisema "he hustled me", anamaanisha ametapeliwa. Usijitambulishe hivyo kwa anayetaka kukupangisha nyumba yake.

Kuhusu vyumba nitasema kwa kifupi. Kwa upangaji wa kawaida England, hela ya kushikilia chumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana, kwa kodi isiyofika pauni 50,000 kwa mwaka, haizidi ya wiki tano. Anayetaka zaidi ana jambo. Jina la mmiliki unaweza kulitafuta kwenye daftari la ardhi la serikali kwa pauni 7. Ningelitafuta, ningejua mapema. Ukishatuma na moyo ukasita, piga 159, utaunganishwa na benki yako kama imo kwenye mpango huo, na nyingi zimo. Ujumbe wa simu wa kitapeli upeleke 7726.

Binamu yangu anakuja Septemba. Juzi amenitumia tangazo la chumba: bei nzuri, picha safi, na mwenyewe anasema yuko nje ya nchi, funguo atazituma kwa posta akishapokea hela. Nilimpigia usiku uleule. Nilimwambia asitume hata senti, kisha nikamkalisha kwenye simu arudie baada yangu, mara tatu, hadi ikamtoka bila kusita: "I've been scammed."