Orodha yangu ya migahawa ya Tanga

Juzi msomaji mmoja wa Dodoma kaniandikia. Yeye na mumewe wamepata siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na wameshaamua ni Tanga. Mapango ya Amboni hawayataki, makumbusho hawayataki. Wanataka upepo wa bahari, kahawa nzuri na chakula cha maana. Akamalizia: "Dada, nirushie ile orodha yako ya migahawa."

Ile orodha! Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka. Mwaka umepita na bado nikiisikia naona haya.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua mimi na chakula ni chanda na pete. Hapa Dar nikisema mahali fulani pana biriani, watu wanakwenda. Basi Oktoba mwaka jana wenzangu wanne wa ofisini wakaniambia, bibie, tupeleke Tanga wikiendi, wewe ndiye kiongozi. Kila mtu akatoa mchango wake, isipokuwa mmoja aliyesema "niwekee, Jumatatu nakurudishia". Nikakesha siku tatu nikiperuzi picha za watu mtandaoni, nikapata sehemu kumi na moja. Kumi na moja, kwa siku mbili na nusu! Nikazipanga kwa saa: saa saba chakula cha mchana hapa, saa tisa kahawa pale, saa kumi kuogelea ufukwe wa Raskazone, saa kumi na mbili kahawa nyingine na picha. Nikachapa karatasi, kila mmoja nakala yake. Nilijiona kweli.

Safari siisimulii, mnaijua: Chalinze, Segera, machungwa ya Muheza dirishani, mkonge mpaka macho yachoke. Tukashuka stendi ya Kange saa sita na nusu, siku ya Ijumaa.

Wewe uliyekulia pwani umeshajua kilichofuata. Namba moja kwenye orodha, mlango umefungwa. Barazani kakaa mtoto wa miaka kama kumi, anavaa ndala zake mbiombio awahi sala. "Wamekwenda msikitini. Rudini saa nane." Saa nane kwa mujibu wa karatasi yangu tulitakiwa tuwe tunafuta midomo. Nikasema twende namba mbili.

Namba mbili jina silitaji. Inatazama bahari, ina viti vya kamba na menyu ya kurasa sita yenye picha. Niliagiza kama nilivyopanga: samaki wa kupaka wawili, pweza wa nazi, kuku, wali. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu dada wa pale akaja kusema pweza hakuna. Saa tisa akaja kusema wa kupaka yuko njiani. Nikainuka kwenda msalani, na njia ya msalani inapita nyuma ya jiko. Nikaona kwa macho yangu kijana kakalia mbuzi, anakuna nazi. Nazi ya samaki niliyemwagiza saa nzima iliyopita! Na jiko la mkaa pembeni yake ndiyo kwanza linafuka moshi. Sikuwaambia wenzangu. Nilirudi nikakaa, nikatabasamu kama bibi harusi.

Chakula kikafika saa kumi kasorobo. Samaki nje kaungua, mfupani bado ana damu. Kapuchino niliyoisifia njia nzima ilikuwa kahawa ya kopo na maziwa yaliyopigwa kwa uma mpaka yakatoa povu, shilingi elfu sita. Tulipofika Raskazone maji yameshakupwa, boti zimelala ubavu kwenye matope. Sikuwa nimeuliza mtu saa za maji. Mimi nilidhani bahari iko tu, kama bwawa la hoteli.

Jumamosi tulikwenda namba tatu, nne na tano kwa ukaidi wangu. Nyingine zilikuwa nzuri, sikatai, ila kila mahali ilikuwa kungoja. Usiku ule mwenzetu mmoja akaweka karatasi yangu mezani, akaigeuza chini juu, akasema: "Sisi tumekuja Tanga kupanga foleni ya jiko?" Akapanda bajaji na mwingine, wakaenda kula chipsi mayai. Chipsi mayai, Tanga! Afadhali angenitukana. Jumatatu ofisini nikaitwa Bi Menyu, na mpaka leo nikipita korido kuna mtu atauliza, "Bi Menyu, leo saa saba tuko namba ngapi?"

Usiku ule wa Jumamosi, wale wawili walipoondoka na bajaji, nilitembea peke yangu mitaa ya Ngamiani, ile inayoitwa kwa namba, nikiwa na hasira na njaa. Nikasikia vikombe vinagonganishwa, tak-tak, tak-tak. Kijiwe cha kahawa. Wazee sita hivi kwenye benchi, wawili wanacheza bao, wengine wanabishana mpira. Vijiwe hivi ni vya wanaume, hilo lijue kabla hujaenda, lakini nilitoa shikamoo nikaizungusha kwa kila mmoja, na benchi likasogezwa.

Muuza kahawa alikuwa na buli la shaba lililofungiwa jiko dogo la mkaa chini yake, jivu limefunika moto, unaona wekundu tu akipuliza. Pembeni ndoo ya maji ambamo vikombe vinasuuzwa, vile vya udongo visivyo na mkono, vya kushika kwa ncha za vidole, na kashata za karanga kwenye sahani. Mimi na akili yangu ya kimenyu nikauliza, "Babu, una nini na nini?" Akanitazama. "Kilicho motoni ndicho kilichopo, mwanangu." Akamimina kutoka juu, uzi mwembamba mweusi, haukudondoka hata tone nje. Chungu, tangawizi imekaa kooni. Nikaweka kashata chini ya ulimi, nikapiga funda, nikanyamaza. Shilingi mia mbili. Nilikunywa vikombe vinne.

Hilo jibu la yule mzee nilikaa nalo mwaka mzima. Menyu ya kurasa sita ni matumaini ya mwenye mgahawa. Ukweli uko motoni.

Sasa mwezi uliopita nimerudi Tanga, peke yangu, bila karatasi. Na makusudi kabisa nikaenda namba mbili, palepale, siku ya Jumamosi saa saba. Dada yuleyule. Akaniletea menyu nikairudisha. "Kipi kimeshaiva?" Akacheka, akasema changu wa kukaanga, wali wa nazi na mchicha. Nikala baada ya dakika kumi, na nawaapia ule wali ulikuwa mtamu kuliko wowote niliokula Dar mwaka huu. Nyuma ya jiko kijana alikuwa anakuna nazi vilevile, ila safari hii nazi haikuwa yangu.

Kwa hiyo dada wa Dodoma, orodha sikutumii. Nakutumia saa. Alfajiri toka mapema, mbaazi za nazi na maandazi ya moto haziwasubiri walalao. Ukija saa tatu utakuta sufuria inasuguliwa. Asubuhi pita Deep Sea, wanakoshusha samaki, uone samaki gani ameshushwa, kwa sababu huyo ndiye atakayekuwa mchana kwenye sahani za mji, na kama hakushushwa pweza usiende kumdai pweza. Mchana uliza kilichoiva. Ijumaa usipange kula kati ya saa sita na saa nane, nenda na wenzako msikitini au kaa na machungwa yako ya Muheza. Kama ni Ramadhani, mchana jisitiri, halafu magharibi utakula mpaka ujute. Unamtaka wa kupaka? Pita asubuhi, agiza, acha kianzio, sema utarudi saa ngapi. Watu wa Tanga ukiwapa muda watakupikia kama mtoto wao. Jioni tafuta mishkaki na mihogo yenye chachandu, na usiku nenda pale unaposikia vikombe.

Na bahari vilevile ina saa zake. Muulize mvuvi yeyote, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Kesho ongeza kama dakika hamsini. Ukitaka kuogelea Raskazone bila kukanyaga tope, hiyo ndiyo hesabu yote.

Tatizo letu sisi tunaotoka miji ya haraka ni kudhani hela ikitoka mfukoni chakula nacho kinatoka jikoni. Tunapiga picha ya samaki kabla hatujamuuliza anayemkaanga hali yake. Halafu tunakwenda na karatasi ya dakika! Ndugu zangu, ulizeni kilicho motoni. Mnaoana, ulizeni kilicho motoni. Mnaoomba kazi... haya, naona nimeshapanda mimbari.

Kahawa ya mashine na waifai ipo pia, kama una kazi ya kumalizia, na siidharau. Mimi mwenyewe Jumapili asubuhi nilikaa mahali pamoja safi penye kiyoyozi saa mbili nzima, kahawa ilikuwa nzuri, arabika hasa. Lakini kahawa ile hata Mikocheni hapa Dar ningeipata.

La mwisho, mtindi wa Tanga Fresh nunua asubuhi ya kuondoka, siyo usiku uliotangulia, na ukae nao miguuni, usiupeleke kwenye buti la basi. Niliupeleka. Begi langu mpaka leo lina harufu.

Na wewe mwenzangu wa "Jumatatu nakurudishia", najua unasoma humu. Jumatatu zimeshapita hamsini na kitu. Namba yangu haijabadilika.