Kabla ya kununua waleti ya safari ya ng'ambo, zipime noti zako

Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Ulaya anaweza kutoka kwake mchana na usiku akawa angani. Wengi wetu wa Kigoma tunaanza na reli: kilomita zinazokaribia 1,250 hadi Dar, kulala behewani, na kituo cha Tabora ambako njia ya Mwanza inaungana na yetu, abiria wanapanda na kushuka huku wewe unasinzia. Waleti yako inaanza kazi hapo, kabla pasipoti haijagongwa muhuri. Ndiyo maana huwa naumia nikimwona kijana aliyepata nafasi ya masomo nje akihangaika wiki nzima kutafuta sanduku zuri, halafu hela na kadi zote anazitia kwenye waleti ileile anayoendea sokoni Mwanga.

Nimeishi Ujerumani kimasomo, na kikazi huwa nasafiri kwa Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, upande wa Kongo, na Bujumbura. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na ngozi wala rangi. Anza na karatasi zitakazokaa humo. Chukua rula.

Noti ya dola, iwe ya 1 au ya 100, ina urefu wa milimita 156 na upana wa 66. Ya euro 50 ni fupi, milimita 140, lakini upana wake ni 77. Waleti iliyokatwa kwa kubanwa na kipimo cha dola itaiacha euro 50 ikichungulia juu, na aliyesimama nyuma yako kwenye foleni ataiona. Kadi ya benki haina shida. Ni milimita 86 kwa 54 dunia nzima, na kadi ya ukaazi utakayopewa Ujerumani ina ukubwa huohuo. Pasipoti ni 125 kwa 88, kwa hiyo haina nafasi kwenye waleti ya mfuko wa suruali, hata muuzaji aseme nini. Itafutie mahali pengine, pamoja na kadi ya njano ya chanjo.

Suala la noti kukaa zimenyooka ndilo ninaloliwekea mkazo kuliko mengine yote. Anayefanya biashara na Kongo analijua: ng'ambo ya pili ya ziwa dola ni fedha ya kila siku, lakini iliyochanika ukingoni hata kidogo inarudishwa mikononi mwako. Hapa nchini nako kuna maduka ya kubadilishia fedha yanayokataa dola za matoleo ya zamani au zilizochorwa kalamu, na kwa kawaida noti za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko ndogo. Maana yake utabeba noti chache za thamani kubwa, na kila moja ikiharibika ni hasara ya kweli. Sasa ichukue hiyo noti ya 100, ikunje mara tatu kwenye waleti fupi, ikalie kutoka Kigoma hadi Dodoma, iloweshe jasho miezi kadhaa. Ule mkunjo ndio unaogeuka kuwa mpasuko.

Shangazi yangu, ambaye ameleta vitenge kutoka Kalemie miaka mingi, hakunji dola kabisa. Anazilaza kati ya kurasa za kaunta buku, na kaunta buku liko ndani ya mkoba anaoukalia kwenye boti. Kutoka kwake nilijifunza kutafuta pochi ndefu na bapa, ile inayomeza dola bila kuikunja. Kama huipati, nunua steshenari bahasha ngumu ya plastiki ya kuhifadhia nyaraka, ikate kwa kipimo cha noti, uiingize kwenye pochi yoyote bapa. Inazuia unyevu pia, na kwa anayesafiri wakati wa masika hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo unahitaji viwili. Pochi ya ndani, inayokaa chini ya nguo: pasipoti, dola, kadi ya benki ya akiba, kadi ya njano. Na waleti ya mfukoni, ya kutumia mbele za watu: kadi moja na hela ya siku. Ya ndani haifunguliwi barabarani. Ukihitaji kitu, ingia chooni au mahali pa faragha. Mtu akikuona unachomoa pochi kifuani kituo cha mabasi, siri yake imekwisha.

Mahali pa kuivaa? Ya shingoni huonyesha kamba nyuma ya kola, na ukiinama inaning'inia. Mimi napendelea ya kiunoni, chini ya mkanda wa suruali, yenye kitambaa cha pamba upande wa ngozi ya mwili, kwa sababu nailoni tupu kwenye joto letu inachubua. Bibi zetu wa Ujiji waliweka hela kibindoni na walijua walichofanya. Ukikosa ya dukani, fundi cherehani yeyote atakushonea mfuko wa ndani wenye zipu kwenye suruali au sketi, kazi ya saa moja, na kwa maoni yangu huo unazishinda nyingi zinazoletwa kutoka nje.

Ngozi halisi ni nzuri kwa waleti ya mfukoni. Tazama ukingo uliokatwa: ya kweli ina nyuzinyuzi, ya bandia ina tabaka la plastiki lililobandikwa juu ya kitambaa na itabanduka. Zipu ifungue na kuifunga mara nyingi palepale dukani bila kumwonea haya muuzaji. Kifungo cha sumaku usikitake, maana kinaweza kufuta kadi za kufungulia milango ya hoteli.

Utasikia pia habari za waleti zinazozuia wezi kusoma kadi kwa mawimbi. Kadi hizo husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu. Usiongeze bei kwa ajili ya hilo. Wasiwasi wako uelekeze kwenye mkono wa mtu.

Sarafu nazo zinasahaulika. Huku kwetu sarafu kubwa ni ya shilingi 500, lakini noti ndogo kuliko zote ya euro ni ya 5, na chini yake kila kitu ni sarafu. Ya euro 2 ni zaidi ya shilingi elfu tano. Ujerumani utaihitaji kwa choo cha stesheni na kwa kitoroli cha dukani, kwa hiyo waleti iwe na kijimfuko cha sarafu chenye kufungwa, kisichozibananisha na noti.

Kitu ninachowaomba vijana wakiache ni lile kava la simu lenye mifuko ya kadi. Najua linapendeza. Lakini simu ndiyo wezi wanayoitafuta kwanza, na ikienda inaondoka na kadi, na namba ya benki ya kupiga ili kadi zifungwe iko ndani ya simu hiyohiyo. Namba hiyo iandike kwenye karatasi, uiweke kwenye pochi ya ndani. Ukiwa benki kuichukua, waulize pia kama kadi yako imefunguliwa kutumika nje ya nchi.

Ukifika ukaguzi wa uwanja wa ndege, pochi ya kiunoni itaonekana kwenye mashine. Ivue mapema, iingize ndani kabisa ya begi la mkononi na ufunge zipu, isilale wazi kwenye trei. Begi lisukume liingie kwenye mashine kwanza, ndipo na wewe upite.