Baba ana 63, ami ana 62, mbona mti unawatenga?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Likoni, nasomea uklinikali. Tumefundishwa mti wa maamuzi wa mshtuko wa moyo, yaani maswali ya ndio au la yanayofuatana mpaka ufike jibu, unauliza presha ya juu imepita 91? umri umepita 62.5? moyo unaenda mbio? Sasa babangu ana 63 na ami ana 62, presha zao nzuri, mapigo ya wote yako juu ya 100. Nikiwapitisha mle baba anatoka hatari kubwa, ami hatari ndogo. Jana sikulala. Kwa mwaka mmoja tu kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babako hayumo kwenye mti ule, lala. Ule ni wa mtakwimu Leo Breiman na wenzake huko Marekani, 1984, ulitokana na wagonjwa 215 wa San Diego ambao mshtuko ulikuwa ushawapata na washalazwa, na walichotaka kujua ni nani hatafika siku 30. Hata hiyo presha si ya kupima mara moja sebuleni, ni ile ya chini kabisa kati ya zote alizopimwa mtu saa 24 za kwanza wodini, sasa baba aliyekaa nyumbani anakunywa kahawa utamjibia vipi hata swali la kwanza?

Hiyo 62.5 nayo hakuna daktari aliyekaa akaichagua. Kompyuta hujaribu kila mpaka, 50 na nusu, 51 na nusu, inapanda hivyo hivyo mpaka ipate ule unaotenga vizuri zaidi waliokufa na waliopona, bas, ikaangukia katikati ya 62 na 63. Ukiipa wagonjwa wa hapa kwetu mpaka waweza kuhama, ama umri usiulizwe kabisa. Ndio maana mti wowote ukiletewa uliza kwanza umeoteshwa kwa wagonjwa gani, na umejaribiwa kwa wengine ambao haukuwaona?

Lakini usiudharau, mimi naupenda sana. Walianza na vipimo 19 yakabaki maswali matatu, nesi aweza kuufuata usiku kando ya kitanda bila kompyuta na akakueleza kwa nini kasema hivyo.

Ila mapigo zaidi ya 100 mtu akiwa ametulia hayo si ya kuachwa. Wapeleke wote wawili wiki hii wakapimwe moyo na damu, na ami usimwache nyuma ati kwa sababu mti umemwita hatari ndogo.