Re: Hesabu ya matofali ya ukuta hailingani na ya fundi

Salaam mkuu. Umesema ukuta ni mita 20 kwa 2, tofali lina uso wa sentimita 39 kwa 19, wewe umepata 540 na fundi kakupa 420. Fundi hajakosea.

Kwanza, umesahau nafasi ya udongo wa kujengea, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji unaoshika matofali. Kiungo cha sentimita 1 kinafanya tofali moja lizibe 40 kwa 20, yaani matofali 12.5 kwa mita ya mraba. Pili, geti lako la mita 4 hukulitoa: zinabaki mita za mraba 32, sawa na matofali 400. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, ndiyo hiyo 420.

Mimi nilishawahi kununua kwa hesabu kama yako, rundo likakaa uani miezi.

Saruji na mchanga ndiko pesa hupotea kimyakimya. Mchanganyiko mkavu husinyaa ukitiwa maji, kwa hiyo zidisha ujazo wa udongo mbichi kwa 1.3 hivi kabla ya kugawa kwa uwiano wa saruji na mchanga.

Msingi sikukadirii, ardhi yako sijaiona. Nguzo za geti je, ni za zege au za tofali?