Mimba ilitunga kwenye kovu: nitazaa tena?

SWALI: Nina miaka 31 na watoto wawili, wote kwa operesheni. Miezi minne iliyopita niliambiwa mimba yangu ya wiki 7 imetunga kwenye kovu la operesheni. Nikachomwa metotreksati, dawa ya kusimamisha mimba, damu ikapimwa mpaka homoni ya mimba ikaisha. Mawifi wanasema kizazi kimeharibika. Je, nitabeba tena? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Pole sana, dada. Kizazi chako kipo, na wengi waliopitia hali hii wamebeba tena. Wala hukukosea kitu. Kovu lisipopona vizuri huacha kijishimo sehemu ya chini ya mji wa mimba, upande wa kibofu, na mimba ikijishikiza humo hukaa kwenye nyama nyembamba. Ikiendelea kukua, kovu laweza kupasuka, au kondo la nyuma likazama kwenye misuli hadi kizazi kikalazimika kutolewa. Kuikwangua bila kuongozwa na ultrasaundi ni hatari, maana pale hakuna misuli ya kutosha kukaza na kuziba damu.

Metotreksati hudhuru mtoto anayeumbika, kwa hiyo husubiriwa angalau miezi 3. Hiyo umeshaivuka, lakini usikimbilie: endelea na uzazi wa mpango hadi daktari wa wanawake apime unene wa kovu kwa ultrasaundi ya ukeni. Akikuruhusu, anza vidonge vya vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kubeba.

Ukikosa hedhi, hapo ndipo pa kuwa makini. Hali hii inaweza kujirudia, na inaweza isiume wala isitoe damu. Nenda ultrasaundi wiki ya 6 au 7, usingoje ya 12. Mwambie mpimaji mapema: “Nina operesheni mbili, na mimba iliwahi kutunga kwenye kovu.” Kuona mapigo ya moyo hakutoshi. Aandike kifuko cha mimba kimekaa wapi, na nyama kati yake na kibofu ina milimita ngapi. Damu ikitoka au tumbo la chini likiuma, nenda siku hiyohiyo.

Mimba ikikaa mahali pake, kondo likaguliwe tena karibu na wiki ya 20, na ya 32 likionekana liko chini. Kujifungua kuwe kwa operesheni iliyopangwa, penye damu ya akiba na daktari bingwa. Kwako ulizia Kitengo cha Wazazi Meta, Mbeya, na upange nauli na pa kufikia kabla ya tarehe. Uchungu usikukute Tukuyu.